Kukariri au kufuata elektroni?

Katika kemia ya kaboni, chukua alkoholi iitwayo 3,3-dimethili-2-butanoli, ipashe moto pamoja na asidi kali, halafu kisia zao la mmenyuko. Anayejua tu kwamba alkoholi hupoteza maji atachora alkeni (molekuli yenye kifungo maradufu cha kaboni) na kuacha methili, yaani vikundi vya CH3, zote tatu palepale zilipokuwa. Amekosea. Maji yakishatoka, kaboni ya pili hubaki na chaji chanya. Methili moja ya jirani huhama pamoja na elektroni zake mbili, chaji ikaangukia kaboni yenye matawi matatu, iliyotulia zaidi. Zao kuu ni 2,3-dimethili-2-buteni.

Hapo wanaohimiza kuchora mishale ya kuonyesha elektroni zinakokwenda, hatua kwa hatua, hutamba, na wana haki. Mwenye orodha ya mazao kichwani hukwama akiletewa molekuli asiyoifahamu. Aliyezoea kuuliza chaji iko wapi huwa na pa kuanzia.

Ila wakaririji nao msiwabeze. Katika mmenyuko wa Beckmann, ule unaogeuza oksimu (kiunganishi chenye C=N-OH) ya sikloheksanoni kuwa kaprolaktamu, malighafi ya nailoni 6, kundi linalohama ni lile lililo upande wa pili wa hidroksili (OH), hata kama jirani yake ndiye mwepesi wa kuhama. Ukitegemea utulivu wa chaji peke yake, umepotea. Na katika mmenyuko wa Baeyer na Villiger, wa tangu 1899, unaopenyeza oksijeni kwenye ketoni kando ya kundi linalohama, fenili (pete ya benzini) huitangulia methili, ndiyo maana asetofenoni hutoa fenili asetati. Sababu zipo, lakini kwenye chumba cha mtihani nani huzitafuta? Mimi mfuatano ule wa nani huhama kwanza niliukariri tu.

Kinachonisumbua ni mmenyuko wa pinakoli, ambapo daioli, alkoholi yenye hidroksili mbili, hupoteza maji na kundi moja huhama. Tuseme daioli ina fenili mbili kwenye kaboni moja na methili mbili kwenye ya pili. Mkaririji anakumbuka fenili huhama upesi, anaihamisha. Kwenye asidi ya salfuriki nzito na baridi hilo ni kosa: hidroksili inayoondoka ni ya upande wa fenili, kwa kuwa fenili hizo ndizo zinazoituliza chaji, hivyo inayobaki kuhama ni methili. Mchora mishale anacheka. Sasa weka daioli ileile kwenye asidi ya asetiki yenye salfuriki kidogo mno: zao kubwa linakuwa la fenili iliyohama. Ubao wenye mishale safi uko vilevile. Kilichobadilika ni maandishi madogo ya masharti, ambayo kambi zote mbili huyasoma mwisho.