Chai Yangu na Elimu ya Wapika Bia

Hapa Unguja mtu ana ruhusa ya kulalamikia majani ya chai, sukari, tangawizi, hata mkono wa aliyeipika, lakini akithubutu kusema kwamba kasoro imo ndani ya maji yenyewe, hutazamwa kama mtu aliyekosa kazi. Maji ni maji, ataambiwa, na maadamu mfereji umetoa, ashukuru. Mimi nashukuru, tena sana, hasa kwa kuwa mfereji wa mtaani kwetu hupenda kutoa usiku wa manane, waungwana wamelala, ukafunga kabla ya adhana ya alfajiri. Hata hivyo, shukrani hainizuii kuona kwamba chai yangu ya rangi, ikitulia kidogo kikombeni, huvaa utando wa kahawia unaong'aa kama mafuta ya gereji, wala kwamba siku maji yanapotiwa dawa, ulimi hupokea chai mwanzo na hospitali mwisho.

Nilipotafuta maelezo, niliona kwamba wanaosifu chai huandika habari za milima na majani, na maji huyapitia kwa sentensi moja. Msiba wangu ni kwamba watu niliowakuta wameyachambua maji ya mfereji kwa kirefu, kwa uchungu na kwa vipimo, ni wale wa Ulaya na Marekani wanaopika bia majumbani mwao. Mimi, ambaye baa naijua kwa kuipita upande wa pili wa barabara, nikawa mwanafunzi wao.

Na wanajua, Mungu awaongoe. Bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kwa chai ya nyumbani kwetu maji huzidi hata hapo. Wanasimulia kwamba visima vya Burton upon Trent, kule Uingereza, vina jasi nyingi, nayo huufanya uchungu wa bia yao uwe mkavu na safi, hata wapikaji wa miji mingine wakawa wanatia jasi kwenye maji yao ili wawaige. Plzeň, mji wa Ucheki ilikozaliwa ile bia ya rangi ya dhahabu mwaka 1842, maji yake ni laini mno. Ya Dublin, kule Ayalandi, yana chokaa, lakini shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ina asidi ya kuituliza, ndiyo maana bia nyeusi iliwakubali. Miji mizima imepata jina duniani kwa kilichomo visimani mwake, ilhali sisi tunaokaa juu ya jabali la matumbawe, ambalo mvua hulipenya na kushuka na chokaa yake, tumeambulia birika zenye ukoko mweupe. Wala si kwamba mfereji ni mgeni kwetu, kwani Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kutoka Bububu.

Kuhusu ile ladha ya hospitali, wanaeleza kwamba klorini, ile dawa ya maji, ikikutana na fenoli, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye kimea, huzaa kitu chenye ladha ya plasta ya kidonda, na tone dogo tu hutosha kuharibu pipa. Majani ya chai nayo yana fenoli zake. Dawa yao ni kuyachemsha maji bila kifuniko au kuyaacha wazi usiku kucha ili klorini iruke, isipokuwa kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo haibembelezeki na hutaka kidonge cha Campden, kidonge cha salfaiti wanachotumia wapika bia. Chokaa nayo huganda kwa kuchemshwa, kisha mtu hungoja itue, akachota ya juu, akayabandika tena. Hapo ndipo nilipokumbushwa kwamba mkaa hununuliwa.

Nikabaki na njia ya kuyaacha wazi. Lakini sisi tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba chombo cha maji hufunikwa usiku, na mke wangu hakulisahau hata somo moja.

"Baba watoto, ndoo wazi usiku kucha, unamwekea nani?"

Nikafunua, akafunika. Nikafunua tena, akafunika kwa sinia na juu ya sinia akaweka kinu.

Barazani nako nilidhani nitapata wenye kunielewa. Nikawaeleza habari za Burton na jasi, wakanisikiliza vizuri, mpaka mmoja akauliza, "Elimu hii umeipata wapi, Maalimu?" Nikasema kwa wataalamu wa maji. "Maji ya nini?" Nikasema ya vinywaji. Kikapita kimya, kisha mzee aliyekaa kando yangu akanisogelea kama anayetaka kuninong'oneza, kumbe ananinusa.

Jioni ile mke wangu, kwa kuchoshwa na manung'uniko, alinikamulia ndimu kikombeni bila kuniuliza, na ule utando ukatoweka mbele ya macho yangu. Asidi ya ndimu huizuia chokaa isishikamane na chai, jambo ambalo ningeweza kumfafanulia kwa mfano bora kabisa wa bia nyeusi ya Dublin. Nikanywa kimya. Nyumba nzima sasa inaamini kwamba maji hayakuwa na neno, chai ilikosa ndimu tu, na kinu bado kiko juu ya sinia.