Pedi za Matiti: Kwa Nini Ninachagua za Kufua, na Lini Sizichagui

Katika wiki ya tatu baada ya kumzaa mtoto wangu wa kwanza, niliketi na wageni kwa muda mrefu nikiamini kwamba pedi ya kutupa niliyoivaa ndani ya sidiria tangu asubuhi ili ifyonze maziwa yanayovuja ilikuwa kavu, kwa kuwa sikuhisi unyevu wowote. Nilipoivua ilikuwa nzito kama sponji iliyotolewa kwenye ndoo, na ngozi iliyozunguka chuchu ilikuwa imekunjamana na kupauka mithili ya vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo hata mtoto wa pili hakunibadilisha: pedi nzuri ni ile inayomkumbusha mama kuibadilisha. Kwa kipimo hicho pedi ya kitambaa huishinda ya kutupa, ingawa kuna vipindi ambavyo kuing'ang'ania huwa ni ukaidi mtupu.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini maziwa huvuja, maana wengi hununua pedi kabla ya kuelewa wanachokizuia. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo husafiri katika damu na kuzibana seli za misuli zinazozunguka vifuko vya maziwa, hivyo maziwa yakasukumwa kuelekea kwenye chuchu. Damu haichagui titi. Homoni hufika pande zote mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana mtoto akiwa upande wa kulia, upande wa kushoto nao hutiririka. Kilio cha mtoto, hata kama si wako, kinaweza kuiamsha homoni hiyo, na wakati mwingine inatosha kumkumbuka tu mtoto uliyemwacha nyumbani. Katika wiki za mwanzo mwili bado unajifunza kiasi anachohitaji mtoto, kwa hiyo uvujaji huwa mwingi, na kwa akina mama walio wengi hupungua miezi ya mwanzo inapopita. Wapo pia wasiovuja hata tone, na watoto wao wakanawiri vizuri kabisa. Kutovuja si dalili ya uhaba wa maziwa, nami hukereka kila ninapomsikia mama akihukumiwa kwa ukavu wa blauzi yake. Kwa sababu hiyo sioni busara ya kujaza kabati pedi za aina yoyote kabla ya kujifungua. Pakiti moja ndogo au jozi chache zatosha mpaka mwili ujieleze.

Pedi ya kutupa ni kazi ya kitaalamu, na sitaki kuidharau. Ndani yake mna nyuzi laini zilizochanganywa na chembechembe za polima, ambazo ni zile zile zinazotumika katika nepi za kutupa, na ambazo zikiguswa na majimaji huyafyonza, hufura na kugeuka kuwa kama jeli. Upande wa nje kuna utando wa plastiki unaozuia maziwa yasifike kwenye nguo, pamoja na kipande cha gundi cha kuishikilia kwenye sidiria. Ni nyembamba, haionekani chini ya nguo ya kubana, na usiku wa maziwa mengi huweza kumwokoa mama asibadilishe mashuka. Lakini uwezo huo wa kuyaficha maziwa ndio unaonitia shaka. Mama haambiwi chochote na ngozi yake, hivyo huiacha pedi pale pale kwa saa nyingi, huku joto la mwili na ule utando wa plastiki vikilifanya eneo la chuchu kuwa na unyevunyevu usiokauka. Ngozi iliyolainishwa kwa namna hiyo huchubuka kwa urahisi mtoto anaponyonya, na mahali penye joto na unyevu ndipo fangasi wa Candida anapopenda kustawi.

Pedi ya kitambaa haina subira ya namna hiyo. Ikishalowa, unajua. Unaihisi baridi, unaihisi nzito, na usipoibadilisha itakuaibisha mbele za watu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni faida ingawa halipendezi. Mtu anaweza kunijibu kwamba mama mwangalifu angeibadilisha hata ile ya kutupa kwa wakati, na ni kweli. Ila mimi sijawahi kuwa mama mwangalifu saa tisa ya usiku, na sidhani kama niko peke yangu.

Ukiamua kununua za kitambaa, tazama tabaka linalogusa ngozi kabla ya kutazama maua yaliyochapwa nje. Pamba ni laini na hustahimili kufuliwa kwa maji ya moto, ila hukaa na unyevu juu ya ngozi. Sufu huweza kubeba unyevu wa takribani asilimia 30 ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa imelowa, lakini hudai kuoshwa kwa upole na haifai kuchemshwa. Kuhusu kile kinachouzwa kwa jina la mwanzi, nina neno moja la ziada. Kitambaa hicho mara nyingi ni viskosi, yaani mti ulioyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa kuwa nyuzi, na mwaka 2009 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliyachukulia hatua makampuni kadhaa ya nguo kwa kuwaaminisha wanunuzi kwamba walikuwa wakipata mwanzi halisi. Viskosi hunyonya vizuri na ni laini mno kwa chuchu iliyochoka, kwa hiyo sina ugomvi nacho kama kitambaa. Ugomvi wangu ni na majani ya kijani yanayochorwa kwenye pakiti. Pedi nyingi za kufua pia huwa na utando mwembamba wa poliurethani, aina ya plastiki, upande wa nje ili zisivujishe, na utando huo huchakaa haraka ukifuliwa mara kwa mara kwa moto mkali.

Kufua kwenyewe ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, mara nyingi kwa sababu hawakuelekezwa. Pedi mpya zinapaswa kufuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa nyuzi za asili huwa na mafuta yanayozuia maji kupenya, na mama asiyelijua hilo huivaa siku ya kwanza, ikavuja, akaitupa kwa hasira. Baada ya kutumika, isuuze kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha protini za maziwa ndani ya kitambaa na doa likakataa kutoka. Baada ya hapo ndipo sabuni na maji ya moto hufuata, isipokuwa kwa sufu. Dawa ya kulainisha nguo iachwe kabisa, kwani huzivika nyuzi utando wa mafuta na kuzipunguzia uwezo wa kunyonya. Anika juani kama jua lipo, na hakikisha pedi imekauka hadi ndani, si juu tu. Pedi yenye harufu ya maziwa yaliyochacha haijatakata, hata ikiwa nyeupe namna gani. Kosa nililolirudia mara nyingi kuliko yote lilikuwa kuzirundika zile mbichi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa siku mbili tatu, nikisubiri nguo zijae ndipo nifue.

Twende kwenye hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Hata mama akibadilisha pedi mara tatu tu kwa siku, mbili kila mara, atatumia 6 kwa siku na takribani 180 kwa mwezi, ilhali jozi 8 au 10 za kitambaa zingemtosha akifua kila siku mbili, na zikamfaa tena kwa mtoto anayefuata. Kuhusu taka, ningependa kusema kwamba kitambaa hakina lawama, lakini isingekuwa haki. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipolinganisha nepi za kitambaa na za kutupa katika ripoti yake ya mwaka 2008, ulionyesha kwamba madhara ya nepi za kitambaa hutegemea sana jinsi zinavyofuliwa na kukaushwa, na naamini mantiki hiyo inahusu pedi pia. Pedi sita zilizofuliwa peke yake kwenye mashine kwa maji ya moto, kisha zikakaushwa kwa umeme, hazina sifa ya kujivunia. Zikitumbukizwa pamoja na nguo za mtoto na kuanikwa kwenye kamba, hesabu hubadilika.

Sasa nieleze lini siwezi kuzichagua. Siku kumi za kwanza baada ya kujifungua, hasa kwa mama aliyefanyiwa upasuaji na asiye na wa kumsaidia kufua, namshauri atumie za kutupa bila kujilaumu. Vivyo hivyo safarini, na mahali popote ambapo maji ni ya shida, kwa sababu kitambaa kisichofuliwa vizuri ni kibaya kuliko plastiki. Fangasi akishathibitishwa na mhudumu wa afya, pedi ya kutupa inayoondolewa kila baada ya kunyonyesha hurahisisha mambo mpaka tiba iishe. Anayetaka kuendelea na kitambaa katika kipindi hicho akifue kwa nyuzi joto 60 au zaidi, na achague pamba tupu inayostahimili moto huo. Chuchu ikiwa imepasuka, pedi ya aina yoyote inaweza kuganda kwenye kidonda, na dawa yake ni kuilowesha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuivua, kamwe si kuibandua kwa nguvu.

Zipo pia pedi za silikoni ambazo hazinyonyi chochote bali hubana chuchu ili maziwa yasitoke. Sizipendi kwa wiki za mwanzo, kwa sababu shinikizo la muda mrefu juu ya titi lililojaa linaweza kuchangia kuziba kwa mirija ya maziwa, na hilo ni kweli pia kwa sidiria ya kubana iliyosheheni pedi nene. Ukihisi maziwa yanakuja mahali pasipofaa, kunja mikono kifuani na ubane kwa upole kwa muda mfupi; mara nyingi hutosha.

Kwa mtoto wa pili nilianza na pakiti moja ya kutupa, nikahamia kwenye kitambaa wiki ya pili ilipokwisha, na kufikia mwezi wa nne nilikuwa navaa pedi usiku tu. Zile jozi nane bado ziko kwenye droo, moja ikiwa na doa ambalo nililisababisha mwenyewe kwa kuwahi maji ya moto.