Siku Shemeji Aliponiua kwa Makombora Niliyomwitia Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kupiga, na sikuwahi kuona haya kusema hivyo. Kwenye MechWarrior Online, mchezo wa kompyuta ambako watu 12 wanapambana na wengine 12, kila mmoja kajifungia ndani ya roboti lake la chuma, raundi ikiisha macho yangu yalikuwa yanakimbilia sehemu moja tu ya ubao wa matokeo: safu ya kipigo, yaani nimewapiga maadui kiasi gani. Tumeshinda, tumeshindwa, hayo yalikuwa ya wengine. Nikiona 700 pembeni ya jina langu, nalala usingizi mnono. Watu wa sapoti nilikuwa nawaona kama yule anayemshikia fundi tochi. Unamshukuru, ndiyo, lakini humwiti fundi.

Tunacheza wanne. Mimi, shemeji yangu aliyemuoa dada, na jamaa wawili ninaowajua kwa sauti tu. Mmoja tunamwita Babu kwa sababu lazima akohoe kabla ya kila sentensi. Jioni hiyo Shemeji akaja na mpango.

"Sisi watatu tunabeba makombora ya masafa marefu," akasema. "Tunajificha nyuma ya kilima. Wewe shemeji unachukua Raven, unakwenda mbele, unatumulikia."

Raven ni roboti jepesi, tani 35, lina mdomo kama wa kunguru. Kazi yake hapo ni kumwelekezea adui kimwanga chekundu kiitwacho TAG. Anayerusha makombora hahitaji kumwona adui. Ilimradi wewe umemwona na umemshikilia, mzigo unapanda juu ya kilima na kumshukia kichwani. Sharti ni kwamba usimpoteze mlengwa; kimwanga kinasaidia makombora yamshike haraka. Chenyewe hakiumizi hata nzi.

"Yaani nishike tochi," nikasema.

"Ushike tochi, shemeji."

Nikakubali, maana mume wa dada hukatalii jambo dogo namna hiyo. Lakini kabla hatujaingia nikapita gereji kimyakimya. Raven yangu ilikuwa na NARC, kile kidude kinachomganda adui mwilini ili makombora yamfuate hata akijificha. Tani tatu nzima kwa kitu kisichotoa damu! Nikaking'oa. Nikang'oa na roketi fupi, nikang'oa na risasi zake zote, nikapachika leza mbili kubwa. TAG niliibakiza, tena kwa shingo upande. Sikumwambia mtu.

Mwanzo, lazima nikiri, mambo yalikuwa matamu. Nilijibanza kwenye jabali kama mita 600 hivi kutoka kwa adui, nikakielekeza kimwanga kwenye bega la roboti moja la kati, na baada ya sekunde chache anga nyuma yangu ikaanza kuvuma. Makombora ya watu watatu yakapita juu ya kichwa changu kama kundi la nyuki waliochokozwa. Roboti likayumba, mkono ukadondoka. Babu akakohoa. "Safi sana, kijana." Jingine likatokea, nalo likanyeshewa. Nikatazama hesabu yangu mwenyewe: kipigo, 0. Wenzangu wanavuna, mimi nimeshika tochi.

Ndipo likatokea Atlas.

Asiyelijua Atlas ajue kwamba ni tani 100 za ubishi, na kichwa chake kimetengenezwa kama fuvu la mtu. Ukikutana nalo uso kwa uso, unageuka. Ila hili lilikuwa limenipa mgongo. Na mgongo, hata wa Atlas, ndipo deraya ilipo nyembamba, kwa sababu karibu kila mtu hupeleka chuma chake mbele. Nikaona pale pamefifia rangi, pameshachubuka. Nikaona 700 zangu zimesimama zinanisubiri.

"Mlengwa ni Atlas," nikatangaza, nikamwelekezea TAG kama mtu mwadilifu.

"Tunarusha," akasema Shemeji. "Usimwachie."

Sikumwachia. Nilimsogelea. Raven ina mbio, kufumba na kufumbua niko nyuma yake kabisa, karibu kiasi kwamba skrini nzima ilikuwa kisigino. Nikafyatua leza zote mbili. Nikasubiri kidogo, nikafyatua tena. Mgongo ukaanza kung'aa chungwa. Ile sauti ya kike ya kwenye roboti ikaanza kunionya kuhusu joto; nikamjibu kwa sauti kabisa, peke yangu chumbani, "Moja tu, mama." Nikafyatua ya tatu.

Roboti likazimika.

Si kwamba liliharibika. Joto likizidi, linajizima lenyewe lisiungue, na linakuacha gizani umesimama kama mlingoti mpaka lipoe. Likizimika, kila kitu kinazimika nalo, TAG ikiwemo. Na makombora yaliyokuwa tayari hewani yakipoteza mlengwa hayarudi nyumbani. Yanakwenda pale alipoonekana mara ya mwisho.

Rubani wa Atlas naye ana tahadhari yake ya makombora. Akaisikia, akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: akapiga hatua mbili tatu kando, nyuma ya jengo. Polepole, kwa heshima zote, kama mzee anayempisha mtu mlangoni.

Kwenye hedifoni nikamsikia Babu akikohoa. "Hivi nani yule amesimama pale alipokuwa Atlas?"

Kimya.

"Shemeji," akasema Shemeji, "ule mdomo si wako?"

Nilitamani niseme ni wa adui. Sikupata nafasi. Mchezo huu hauchagui, kombora la mwenzako linaua sawasawa na la adui, na yale yalikuwa ya watu watatu. La mwisho kuonekana kwenye skrini yangu lilikuwa guu langu likienda upande wake.

Adhabu haikuishia hapo. Ukifa unabaki kutazama kupitia macho ya wenzako, na mimi nikatupiwa kwenye roboti la Shemeji. Akawa nyuma ya kilima na shehena ya makombora isiyo na pa kwenda, kwa sababu mmulikaji ni marehemu. Halafu maroboti mepesi mawili ya adui yakazunguka kilima na kumfikia. Makombora yake yanataka umbali usiopungua mita 180. Chini ya hapo yanagonga tu bila kuumiza, kama unamrushia mtu maganda. Akayarusha hivyo hivyo kwa hasira. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Akafa yeye, akafuata Babu, akafuata yule wa nne, ambaye usiku kucha hakuwa amesema neno, akasema moja ambalo siliandiki hapa.

Ubao ukafunguka. Kipigo changu: 54. Shemeji alinizidi mara nane.

"Tamaa mbele, mauti nyuma," akasema Babu, safari hii bila kukohoa.

"Shemeji," akaanza Shemeji taratibu, kwa ile sauti ya mtu anayejua atakukuta tena kwenye vikao vya familia, "Raven ile ina leza za namna gani?"

Nikazima maikrofoni, nikajifanya mtandao umekatika.

Kesho yake nilikuwa na missed call nne za dada. Alipokea simu kwa kicheko. "Eti mume wangu amekuua? Na amesema ulistahili."

Nimerudi kwenye Raven, NARC nimeirudisha. Siku hizi kabla Shemeji hajarusha lazima anihoji.

"Uko mita ngapi?"

"Mia sita, shemeji."

"Umeegemea nini?"

"Jabali."

"Leza kubwa?"

"Sina."

Kisha anasubiri, adui anapita, nafasi inapotea, mpaka nimtumie picha ya gereji yangu.