Kidole kwenye simu: kitasa au wepesi tu?

Kwa hesabu ya karatasi, kidole kinashinda. Apple ilipoleta Touch ID, sensa (kisomaji) yake ya kidole, kwenye iPhone 5s mwaka 2013, ilisema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kukubaliwa kwa bahati ni 1 kati ya 50,000. Google nayo huitaka sensa ya daraja la juu ya Android isizidi kiwango hicho hicho cha makosa. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Kidole kimeipita mara tano, mjadala umekwisha?

Haujaisha, kwa sababu kidole hakiondoi namba, kinakaa pembeni yake. Simu ikizimwa na kuwashwa, inadai namba. Kidole kikikataliwa mara tano kwenye iPhone yenye Touch ID, inadai namba. Android hudai namba kila baada ya saa 72 hata kama kidole chako kinasomeka vizuri. Kwa hiyo nyumba ina milango miwili, na mwizi ndiye anayechagua aingilie wapi. Mwenye 1234 au mwaka wake wa kuzaliwa hajaongeza kitasa, ameongeza mlango. Tena anayeijua namba yako anaweza kuingia kwenye mipangilio na kusajili kidole chake mwenyewe. Ukitaka kujua kama limekupata, fungua orodha ya vidole, uhesabu.

Hapa wanaosema kidole ni wepesi tu wana hoja nzito. Wanachosahau ni kwamba simu hufunguliwa mbele za watu. Kwenye daladala ya kwenda Nzuguni, abiria wa pembeni akikuchungulia unabonyeza namba, anaondoka nayo kichwani. Ukigusa kidole hana cha kuiba kwa macho. Halafu kuna uchovu. Mwaka 2016 Apple ilisema mtumiaji wa kawaida hufungua simu yake mara 80 kwa siku. Kwa namba ya tarakimu sita hiyo ni mibonyezo 480. Asiye na kidole hatavumilia. Atarudi kwenye tarakimu nne, au atatoa loki kabisa. Mwenye kidole anaandika namba mara chache, kwa hiyo anaweza kuweka ndefu. Kwangu mizani inalalia hapo: wepesi wa kidole unageuka usalama pale tu mwenye simu anapoutumia kurefusha namba.

Sasa ulete wepesi huo Dodoma wakati wa kiangazi uone unavyopungua. Sensa nyingi za ubavuni au mgongoni mwa simu hupima umeme mdogo kati ya kioo chake na matuta ya ngozi. Ngozi kavu inagusa vibaya, na vumbi linajaza mabonde kati ya matuta. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi aliyeshinda anapogoa, fundi ujenzi aliyeshika saruji Mtumba, mponda kokoto: matuta yao yamelika. Simu inakataa, inakataa, na jioni mtu anarudi kwenye 0000 kwa hasira. Dawa ipo na si ghali. Futa sensa kwa kitambaa kikavu, pumulia kidole kipate unyevu kidogo, usajili upya. Sajili kidole kimoja mara mbili, mara ya kwanza katikati ya ncha, mara ya pili ubavuni, maana ndivyo unavyokigusisha ukiwa na haraka. Ongeza kidole cha mkono usiofanya kazi nzito. Kama sensa iko chini ya kioo, bandika protekta kwanza, ndipo usajili. Na usibandike ya ovyo: Oktoba 2019 Samsung ilikiri kwamba Galaxy S10 na Note 10 zilikuwa zikisoma michoro ya vifuniko vya silikoni kana kwamba ni alama ya mwenye simu, hivyo mtu mwingine akafungua. Walituma marekebisho ya programu.

Kidole bandia kinaogopwa kupita kiasi. Ni kweli wataalamu wa Chaos Computer Club wa Ujerumani waliidanganya Touch ID siku chache tu baada ya kutoka, lakini walihitaji alama safi, picha kali na gundi. Kibaka wa stendi hana subira hiyo. Cha kuogopa zaidi ni kidole halisi: cha aliyelala, aliyelewa, au aliyeshikiwa mkono. Namba haitoki kichwani mwa aliyelala. Ukihisi hatari, kwenye iPhone 8 na za baada yake bana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti kwa sekunde chache. Kwenye simu nyingi za Android, menyu ya kuzima ina chaguo la kufunga kabisa. Kidole, au uso kwa simu inayofunguka kwa uso, kinakoma kufanya kazi mpaka uandike namba.

Wapo pia wanaokwepa kidole wakidhani kampuni ya simu itakihifadhi. Wanachanganya na usajili wa laini kwa alama za vidole, ule ambao laini za zamani zilipewa ukomo wa Januari 20, 2020, ambako kidole hulinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania. Alama ya kufungulia simu hugeuzwa kuwa kiolezo cha hesabu na kufungiwa ndani ya simu yenyewe.

Kwenye laini, kwa kweli, ndiko kidole kisikofika. Aliyeokota simu yako haihitaji ifunguke. Anachomoa laini, anaipachika kwenye kiswaswadu, na jumbe zenye namba za uthibitisho zinamfikia yeye. Hata menyu ya M-Pesa, *150*00#, itauliza namba yake ya siri tu, haijui simu yako ilikuwa na sensa ya aina gani. Kinachozuia hapo ni PIN ya laini yenyewe, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu: akikosea mara tatu inadai PUK, namba ndefu ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa.