Mgonjwa wa Mazoezi Ni Mimi

Enyi wenzangu mliojaliwa watoto wanaosomea uhasibu au sheria, hamjui mlivyosalimika. Mtoto wa sheria atakubishia mpaka usiku, naam, lakini hatakushika mkono ukiwa umeinua hamri kuelekea kwenye mbaazi ili akuhesabu mapigo ya moyo. Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi hapa Mombasa, na tangu alipoanza masomo hayo nyumba yetu ya Majengo imegeuka wodi yenye mgonjwa mmoja tu, ambaye ndiye pia mlipa karo.

Chukueni suala la presha. Mimi nikidhani kupima presha ni kufungwa kitambaa mkononi, kikajazwa upepo, ukatajiwa namba, ukaenda zako. Kumbe jambo lenyewe lina adabu zake. Katika nusu saa iliyotangulia nisiwe nimekunywa kahawa, na kumpata mwanamume wa Mombasa aliyetoka barazani baada ya Isha bila kahawa chungu tumboni ni kazi. Niwe nimekwenda msalani. Nikae nimeegemea, nyayo ziguse sakafu, nisikunje nne, mkono uwekwe usawa wa moyo, kisha nitulie dakika 5 bila kusema neno. Dakika 5! Mimi ni fundi cherehani, na kinywa changu hufungwa na pini peke yake, ninapopinda suruali ya mtu. Nikiuliza tu kama mama yake amenunua samaki, binti hutoa upepo wote, hutazama saa, huanza upya, kwa kuwa mazungumzo hupandisha namba. Na namba zenyewe akizipata huziandika daftarini kwa uso wa hakimu na kuniambia, "Baba, tungoje kwanza nipime mara ya pili."

Kuhesabu pumzi ni hila tupu. Jioni moja alinishika kifundo cha mkono, akanyamaza, akakitazama kifua changu kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu alipokuwa chekechea. Nikasema moyoni, mwanangu amekua, ameanza kuijua thamani ya babake. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno mazuri ya kumwambia. Kumbe mapigo ya moyo alikuwa ameshayahesabu zamani. Wakati ule alikuwa akihesabu pumzi, na hufundishwa wasimwambie mgonjwa, maana mtu akijua kwamba anahesabiwa pumzi hubadili namna anavyopumua. Mtu mzima anatakiwa apumue mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tangu siku hiyo akinigusa tu mkono mimi hupumua 16 kamili, naye hulalamika kwamba namharibia zoezi.

Ijumaa, baada ya sala na pilau, mimi hulala, na hiyo ni ada ambayo hata mama yake huiheshimu. Ijumaa moja nilizinduka nikasikia sauti mbili juu ya kichwa changu, yake na ya mwanafunzi mwenzake. Wauguzi hufundishwa kutandika kitanda, wala si kitanda kitupu peke yake: wapo wagonjwa wasioweza kushuka, na shuka zao nazo hubadilishwa wakiwa mumo humo. "Baba, usitusaidie hata kidogo," akaniambia, "wewe huwezi kusogea." Wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaikunja shuka ya zamani kwa urefu hadi mgongoni kwangu, wakatandaza mpya nyuma yake, kisha wakanipindua juu ya lile tuta mpaka upande wa pili, na pilau ikafuata baadaye kwa wakati wake. Shuka ikavutwa isibaki hata na kunyanzi moja, kwa sababu mgonjwa asiyegeuka huanza kuchubuka hapo hapo penye kunyanzi, na kidonda cha mgongo kikishaingia hakitoki upesi. Pembe wakazikunja kwa nyuzi 45, na mimi ambaye kazi yangu ni nguo sikuona la kukosoa. Lakini wao waliliona: pembe ya miguuni ilikuwa imelegea kidogo, wakashukuru kwa ushirikiano wangu, wakanirudisha ubavu wa kushoto.

Maji nayo yana kisa chake. Shirika la Afya Duniani linasema mikono ioshwe kwa sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, hadi ncha za kucha. Sina ugomvi na Shirika. Ila nadhani waliokaa kikao hicho mifereji yao hutoa maji kila siku, ilhali sisi wiki nzima huweza kupita tukinunua kwa mtungi kutoka kwa kijana wa mkokoteni, ambaye siku za ukavu hupandisha bei bila kukutazama usoni. Binti huosha mikono kabla ya kunigusa na baada ya kunigusa, nami nasikiliza maji yakienda na kuhesabu shilingi badala ya sekunde. Halafu alisoma habari za Florence Nightingale, bibi wa Kiingereza aliyekwenda kuuguza askari katika vita vya Krimea mwaka 1854, na mwaka 1860 akafunguliwa chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas' huko London. Bibi huyo alisisitiza sana hewa safi, basi madirisha yetu yakafunguliwa jioni kutwa. Mbu wa Majengo wakaja kwa jamaa zao wote. Wiki iliyofuata somo likawa malaria, madirisha yakafungwa, na lawama ya kuyaacha wazi nikatupiwa mimi.

Hata kidonge cha kichwa sikimezi tena kwa raha. Dawa hutolewa kwa mgonjwa sahihi, iwe dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kwa njia sahihi, na wakati sahihi, na ili amthibitishe mgonjwa ni lazima aulize. "Jina lako kamili, Baba?" Mimi niliyempa yeye jina, tena baada ya kubishana na ukoo mzima, nasimama jikoni na bilauri ya maji nikijitambulisha. Nilipokataa kutaja tarehe ya kuzaliwa, alikirudisha kidonge kwenye pakiti.

Hayo yote niliyavumilia mpaka siku nilipoukuta mezani mpango wa huduma. Daktari, kama nilivyokuja kuelezwa, huutaja ugonjwa. Muuguzi naye hutambua namna mtu anavyoathirika na anavyoishi na hali yake, na huandika utambuzi huo kwa sentensi yenye sehemu tatu: tatizo ni nini, linahusiana na nini, na linadhihirishwa na nini. Kisha hufuata lengo, hatua za kuchukua, na tathmini. Ili kulinda siri ya mgonjwa, binti hakutaja jina langu. Aliandika "mwanamume wa makamo, fundi cherehani, Majengo," kana kwamba mtaa mzima haunijui. Halafu: "Upungufu wa maarifa kuhusu lishe, unaohusiana na kutosikiliza ushauri, kama unavyodhihirishwa na viazi karai vilivyokutwa katika mfuko wa koti." Lengo lilikuwa kwamba baada ya mafunzo nitaweza kutaja vyakula vitatu vyenye chumvi au mafuta mengi. Chini kabisa, kwenye tathmini, aliandika: "Lengo limefikiwa kwa sehemu. Amevitaja vyote vitatu, kisha akavila." Mhadhiri alimpa alama za juu na kusifu kwamba mgonjwa ameelezwa kwa uhalisia.

Hata hivyo atakayemcheka mbele yangu ataniona. Mzee mmoja barazani aliuliza inakuwaje mtu asome miaka minne ili ajue kudunga sindano. Nikakiweka kikombe chini. Nikamwuliza: lita moja ya maji ya dripu iishe kwa saa 8, na mpira wake unadondosha matone 20 kwa kila mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Akatazama kahawa yake. "Ni 42," nikamwambia, "na ukikosea hapo kuna mtu kitandani." Nikamtajia mifupa 206, anatomia, famakolojia, mikrobiolojia, uuguzi wa jamii, utafiti na takwimu zake, zamu za usiku wodini na asubuhi mtihani, na baada ya yote hayo mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya ndipo mtu apate leseni, pamoja na mwaka mzima wa mazoezi ya kazini. Namba hizo nazijua kwa sababu husomwa kwa sauti nyuma ya ukuta wangu usiku kucha, si kwa kupenda kwangu.

Ulipofika muhula wa ukunga nilipumzika, maana katika somo hilo sifai kwa lolote, na daftari lake la kutiwa saini kwa kila uzazi lilijazwa huko huko wodini. Nikadhani nimesahaulika. Sasa wameingia katika afya ya akili.

Juzi alikaa mbele yangu na kalamu, akaniuliza leo ni siku gani na tuko mji gani. Akaniambia nitoe 7 katika 100 na niendelee kutoa: 93, 86, 79, mpaka mama yake akaanza kunijibia kutoka jikoni, akatakiwa anyamaze. Kisha akaniomba nieleze maana ya methali ya mtaka cha mvunguni, kwa kuwa namna mtu anavyoifasiri methali huonyesha anavyofikiri. Hapo nikafurahi. Nilianzia kwenye mvungu wenyewe na vitanda vya zamani, nikapitia bei ya mbao siku hizi, bibi yangu mzaa mama na sanduku lake, fundi aliyemdhulumu, foleni ya feri ya Likoni siku tulipokwenda kumdai, na nilipokuwa nairejea methali nikamwona ameshaacha kuandika. Nikachungulia. "Anajua mahali alipo na siku ya leo. Hulifikia jibu baada ya kuzunguka mbali. Kumkatiza ni vigumu." Nikamwambia hilo si kweli hata kidogo, nikavuta kiti karibu na kuanza kumweleza kwa nini.