Kituo cha mtoto: tupime kuta au mikono?

Mama anayefuata samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, alfajiri hawezi kungoja kituo kinachofunguliwa saa mbili. Ndiyo maana Mbagala, Manzese na Tandale kuna nyumba ambako watoto hupokelewa gizani, wengine wakiwa bado usingizini mgongoni. Mlezi ni jirani, malipo ni ya kutwa, kibao hakuna. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, lakini nyumba kama hizi haziwazi usajili.

Wanaodai viwango vikali vya taifa kwa vituo vyote vya aina hii wana hoja nzito. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusimulia kwamba alinyimwa uji au alifungiwa chumbani kutwa. Mzazi naye hukagua kwa dakika mbili, akili ikiwa kwenye daladala. Jiko la mkaa lililo karibu na mkeka halionekani mlangoni.

Wanaopinga wanauliza: nani atalipa? Uzio, choo cha watoto na uwanja wa kuchezea, katika mji ambao mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, vyote vitaingia kwenye ada. Na mlezi aliyeshindwa masharti hafungi. Anavuta pazia tu, kazi inaendelea.

Mimi ningeanza na mikono: mlezi mmoja, watoto wangapi? Kuta zingesubiri. Ila tusijidanganye, hicho ndicho kiwango ghali kuliko vyote. Tuseme kila mtoto analipiwa shilingi 2,000 kwa siku. Akibaki na wanne, mlezi ana 8,000, na humo atoe uji, mkaa, maji na sabuni. Akipokea kumi na tano, si lazima iwe tamaa, ni hesabu.

Mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, unaweza kujenga choo. Hauwezi kulipa mlezi wa pili kila mwezi. Hapo ushuru wa soko unaotozwa kwa mama huyohuyo ungefaa kuchangia, maana pengo lenyewe ni refu: aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84, muuza samaki hana hata hiyo, na darasa la awali lisilo na ada liko miaka kadhaa mbele. Afisa ustawi wa jamii akigonga mlango akiwa na kufuli pekee, kesho watoto watahamia nyumba ya tatu kutoka hapo.