Chenji Utapewa Mbele

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilinipa kazi moja tu: tovuti ya kupokea michango kwa simu. Nikaiandika kwa Python, lugha ya programu, kwa mtindo wa asinkroni, yaani wa kuhudumia wengi bila kumsubiri mmoja amalize, maana nilitaka kuringa. Nilipoijaribu peke yangu ilitiririka bila kukwama, kama maji ya mfereji. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu 180.

Shangazi akapiga. "Mwanangu, simu inazungusha tu. Ama mchango wangu ni mdogo?"

Seva ya namna ile ina uzi mmoja wa kazi unaowazungukia wote: huyu anangoja jibu la malipo, basi anaachwa kidogo, anahudumiwa mwenzake. Mimi pale pa kungoja niliandika time.sleep(10), amri inayoulaza uzi mzima, badala ya asyncio.sleep, inayomlaza mteja mmoja tu. Kila mtu akawa anawagandisha wote walio nyuma yake kwa sekunde 10. Wa mwisho angengoja nusu saa. Wa mwisho alikuwa mjomba, mwenyekiti wa kamati.

Nikaanza kurekebisha nikiwa ndani ya matatu ya Thika Road, laptopu mapajani. Makanga akaja, nikampa noti ya elfu.

"Chenji utapewa mbele," akasonga.

Hakusimama kwangu kutafuta mia tisa huku wengine wakimngoja. Alipita kiti hadi kiti, madeni yote kichwani. Nilimwonea wivu. Jamaa hajaandika hata mstari mmoja wa programu, na seva yake haijawahi kuganda.

Nikabadilisha amri ile, nikaipandisha tovuti upya. Kasi ya ajabu! Mjomba akapiga akishangilia: "Mpwa wangu, watu 60 wamelipa ndani ya dakika tatu!" Akanyamaza kidogo. "Lakini mhazini anasema akaunti ina elfu mbili tu, na hizo ni za mama yako."

Nilikuwa nimeandika "if malipo_yamefika()" nikasahau await mbele yake, neno la kuiambia Python ingoje jibu kwanza. Python haikuangalia malipo yoyote. Ilishika ahadi ya kuangalia, na ahadi tupu, kwake, huhesabiwa kuwa kweli. Kila aliyebonyeza alijibiwa "Asante, tumepokea", hata yule binamu wa Eldoret ambaye tangu azaliwe hajachangia chochote.

Nikashuka Roysambu mbio, nikakaa kwenye benchi la mama wa mahindi, nikaweka await. Kisha nikaagiza hindi la kuchoma, nikatia mkono mfukoni.

Matatu ilikuwa imeshafika Githurai.